Jino la Mdogo Wangu na Huduma Zetu za Afya ya Akili

Kijijini kwetu, katika Wilaya ya Butiama, watu huniita Daktari. Jina hilo lilianza siku niliporudi nyumbani baada ya kutunukiwa shahada ya uzamivu, na hakuna maelezo yangu yaliyofaulu kulibadili. Nimekwisha kuombwa dawa ya mgongo, ushauri juu ya mimba iliyochelewa na, mara moja, nimchome sindano ng'ombe wa jirani. Kila mara nimejibu kuwa udaktari wangu ni wa vitabu, hautibu mtu. Wazee hucheka, kisha hunishika mkono na kunionesha mahali panapouma.

Nililichukua jambo hilo kama mzaha hadi lilipomgusa ndugu yangu wa tumbo moja. Ndugu msomaji, kwa kawaida katika ukurasa huu tunajadili bajeti, uchaguzi na mwenendo wa wakubwa. Leo naomba radhi niingie nyumbani kwetu. Nimesita muda mrefu kuyaandika haya, kwa kuwa sehemu kubwa ya kosa nitakalolisimulia ni yangu mwenyewe.

Mdogo wangu ni kitindamimba wa mama yetu. Sasa ana umri wa miaka 34. Sitamtaja jina, kwa sababu hawezi kunipa ruhusa ya kumtaja. Alipokuwa na miaka miwili aliugua malaria ya kichwa, wakati mimi nikiwa shuleni Musoma. Nilipofunga shule nilimkuta mtoto mwingine: maneno machache aliyokuwa ameanza kuyasema yalikuwa yamepotea, na mguu wa kulia ulikuwa mzito. Maneno anayotamka mpaka leo hayazidi 20, nusu Kizanaki, nusu Kiswahili. Shule hakwenda. Kitengo cha elimu maalumu hakikuwapo karibu nasi, na hata kama kingekuwapo, sidhani kama kuna mtu angetuambia. Hata hivyo, anachota maji, anachunga mbuzi wa mama na kumtambua kila mmoja wao, na jioni hukaa karibu na redio akitikisa kichwa kwa kufuata ngoma. Kwa miaka 30 na zaidi hakuwahi kumwinulia mtu mkono.

Mambo yalibadilika mwezi Machi, mwaka juzi. Mama alinipigia simu usiku kuniambia kuwa mdogo wangu amempiga. Alikuwa halali, anapiga kelele, anajigonga kichwa ukutani, na kila aliyemsogelea alisukumwa. Siku ya nne vijana wa jirani walimfunga kamba mikono na miguu, wakamlaza chini ya mwembe. Hawakufanya hivyo kwa ukatili. Ni vijana waliokua naye, na mmoja wao alikaa hapo mchana kutwa akimfukuzia nzi. Kabla ya kumfunga walinipigia simu kuniuliza. Nilisema wamfunge.

Mjomba wetu alikuja kutoka Bunda na ushauri wake: apelekwe kwenye maombi. Jirani mwingine alitaja jina la mganga. Nilikataa yote mawili, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma. Nilichukua likizo ya siku tatu, nikapanda basi hadi Makutano, nikakodi mchomoko, tukampeleka hospitali. Sitaitaja hospitali hiyo, kwa sababu sina nia ya kumshitaki mtu. Waliotupokea walikuwa watu wema, tena wachache mno kuliko kazi iliyowasubiri.

Mama yangu anajieleza vizuri kwa Kizanaki. Kiswahili anakijua, ila mbele ya watu wenye makoti meupe humkaukia mdomoni. Basi mimi nikawa mkalimani. Alisema kwa kirefu: kwamba kiasi cha wiki mbili kabla ya vurugu hizo mwanawe alikuwa ameacha ugali wa muhogo, akawa anataka uji tu, tena uliopoa, kwamba alipojigonga ukutani aligonga upande wa kushoto siku zote, kwamba usiku alilikandamiza shavu lake kwenye mkeka. Akamalizia kwa kusema kuwa mtoto huyu hana ubaya, kuna kitu kinamla. Mhudumu, ambaye foleni yake ilikuwa imefika nje ya mlango, alinitazama. Nikatafsiri hivi: “Ana ulemavu wa akili tangu utotoni. Sasa amekuwa mkali, anapiga watu, halali.”

Hayo tu. Ugali, uji na shavu niliviacha. Niliyaona kuwa ni maneno ya mama mzee mwenye uchungu, yasiyo na nafasi katika maelezo ya kitaalamu.

Kwenye daftari ikaandikwa kuwa ni ugonjwa wa akili. Akachomwa sindano ya kumtuliza, akapangiwa nyingine kila mwezi pamoja na vidonge. Kweli, akatulia. Alitulia kiasi cha kutokwenda tena kwa mbuzi. Shingo ilikakamaa, udenda ukamtoka, akawa anakaa mlangoni kutwa akitazama nje. Sisi tulimshukuru Mungu. Nakumbuka nikimwambia mama kwenye simu kwamba sasa ameona faida ya kwenda hospitali. Mama hakunijibu.

Ilipita miezi mitano. Siku moja muuguzi kijana wa zahanati, aliyefika mtaani kwa kazi ya chanjo, alimwona mdogo wangu mlangoni na shavu limevimba. Muuguzi huyo ni binti wa maeneo yetu, hakuhitaji mkalimani. Alikaa na mama, akauliza lilianza lini, naye mama akamweleza upya habari za ugali, uji na shavu, kama alivyotueleza mimi na yule mhudumu mwezi Machi. Binti akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema wampeleke kwa tabibu wa meno, Musoma.

Yalikuwa magego mawili ya chini, upande wa kushoto, yameoza hadi kwenye mizizi na usaha umefika kwenye taya. Tabibu alisubiri foleni iishe ili chumba kiwe kimya. Siku ya kwanza hakugusa kitu. Alimwacha ashike kioo na taa, akamrudisha na dawa ya kuua wadudu na ya kupunguza maumivu. Mara ya pili aliyang'oa, mama akiwa amemshika mikono. Gharama zote pamoja na dawa hazikufika nauli ya mchomoko niliyolipa mwezi Machi. Baada ya wiki mbili alikula ugali. Sindano zilipunguzwa kidogo kidogo kwa usimamizi wa wataalamu, na kufikia Desemba alikuwa amerudi kwa mbuzi wake. Mpaka leo, akichoka, shingo yake bado huvutika upande mmoja.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ninaamini kuwa hayakutokea kwetu peke yetu.

Tuanze na maneno. Katika Kiswahili tunasema ulemavu wa akili, kisha tunasema ugonjwa wa akili, na masikio ya wengi wetu husikia kitu kimoja. Ulemavu wa akili ni hali ya ukuaji: ubongo uliumia au ulikua kwa namna tofauti kabla au baada ya kuzaliwa, na mtu hujifunza polepole au kwa njia nyingine. Usonji, mtindio wa ubongo na hali ya kuzaliwa iitwayo Down nazo huhesabiwa miongoni mwa hali za ukuaji, ingawa mtindio wa ubongo kwanza ni tatizo la viungo na wenye nao wengi wana akili timamu kabisa. Ugonjwa wa akili ni maradhi yanayoweza kumpata yeyote, profesa au mvuvi wa mwalo wa Mwigobero, na mengi yanatibika. Tukichanganya hivi viwili tunafanya makosa mawili kwa mpigo. La kwanza ni kumtibu mwenye ulemavu kana kwamba ulemavu wenyewe ni wazimu. La pili halisemwi sana: kumnyima matibabu anapougua akili kweli, kwa kuwa kila badiliko lake tunasema “ndivyo alivyo.” Watu wenye ulemavu wa akili hupata sonona, hofu na hata magonjwa makubwa ya akili, tena mara nyingi zaidi kuliko watu wengine. Hufiwa na kuomboleza. Asiyekuwa na maneno ya kusema ameumia husema kwa mikono, kwa kelele, kwa kukataa chakula.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu magonjwa ya akili katika vituo visivyo na mabingwa, uliotolewa mwaka 2010 na kuhuishwa mwaka 2016, una sehemu maalumu juu ya matatizo ya ukuaji. Mkazo wake uko katika kumpima mtu mwili mzima na kumfundisha mlezi, kabla ya kufikiria vidonge. Sikio, jino, tumbo, choo kigumu, kifafa, usingizi: hivyo ndivyo vya kutazamwa kwanza.

Kuhusu sindano za kutuliza, utafiti unaofahamika sana ulichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2008 na Peter Tyrer na wenzake. Waliwachukua watu wazima 86 wenye ulemavu wa akili waliokuwa na tabia ya ukali. Baadhi walipewa dawa mbili zinazotumika sana kwa wagonjwa wa akili, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Ukali ulipungua katika makundi yote, na waliopewa vidonge vitupu hawakuwa nyuma ya wenzao. Hii haina maana kwamba dawa hizo hazifai kwa wanaougua maradhi zilizotengenezewa. Wala mgonjwa asiziache ghafla kwa kusoma makala ya mwalimu wa chuo. Maana yake ni kwamba kumtuliza mtu ambaye hatujajua kinachomsumbua ni kumziba mdomo.

Sasa twende kwenye siasa, mahali ambapo wasomaji wangu wamezoea kunikuta. Sheria tunazo. Tuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mwaka 2009 huohuo Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayotaka ziwepo kamati hadi ngazi ya kijiji. Tatizo ni kwamba mdogo wangu haoneshi vizuri katika sheria yoyote kati ya hizo. Wa afya ya akili wanamwona ni mlemavu, apelekwe kwa wa ustawi wa jamii. Wa ustawi wanaona anapiga watu, apelekwe hospitali. Wa elimu wanaona umri umepita. Zahanati iko chini ya halmashauri, sera ya tiba iko wizara nyingine, masuala ya ulemavu kwa miaka mingi yamekaa Ofisi ya Waziri Mkuu. Kila ofisi ina sababu yake nzuri ya kumsindikiza hadi mlango wa ofisi inayofuata.

Halafu kuna umbali. Mkoa wa Mara ulihesabiwa kuwa na watu 2,372,015 katika sensa ya mwaka 2022. Anayehitaji bingwa hutumwa Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma, na baada ya hapo inabaki Mirembe, Dodoma, hospitali tuliyoachiwa na Waingereza. Fikiria safari hiyo ndani ya basi na mtu asiyevumilia kelele wala kuguswa na mgeni.

Hatukosi historia ya kujifunzia. Huko Mahenge, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960, kliniki ya kifafa iliyoanzishwa na Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norway, ilionesha kuwa dawa rahisi, zikitolewa bila kukatika, huwarudisha shambani watu waliokuwa wametengwa na ndugu zao. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, tulijaribu mikoani Morogoro na Kilimanjaro kuziingiza huduma za afya ya akili katika zahanati na vituo vya afya vya kawaida. Wazo lilikuwa sahihi, na linangoja kutekelezwa kwa ukamilifu.

Historia ya majirani nayo inaonya. Afrika ya Kusini, mwaka 2016, mamlaka za jimbo la Gauteng ziliwatoa wagonjwa wa akili na watu wenye ulemavu wa akili katika vituo vya Life Esidimeni na kuwagawa kwa haraka kwenye asasi ambazo hazikuwa tayari kuwapokea. Watu 144 walikufa. Maneno yaliyotumika yalikuwa mazuri: kuwarudisha watu katika jamii, kupunguza gharama. Kwa hiyo, kila anayesema kuwa watu hawa watunzwe na jamii, tumwulize: jamii ni nani? Kwetu jibu ni mwanamke mmoja wa miaka 73.

Butiama ni nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, na kaburi lake liko Mwitongo. Sisi wa huko tumelelewa na Azimio la Arusha kama wengine walivyolelewa na vitabu vya dini. Azimio lile la mwaka 1967, lilipopinga watu kuishi kwa jasho la wenzao, liliwaondoa katika lawama watoto wadogo, wazee wasiojiweza na vilema. Kwa wakati wake ulikuwa utu wa hali ya juu, nami siubezi. Lakini fikra ile ilibaki kwetu nusu: mwenye ulemavu ni mtu wa kulishwa. Hatukuimaliza kwa kusema kwamba pia ni mtu wa kupimwa, kusikilizwa na kutibiwa. Mdogo wangu hakuwahi kulala njaa. Aliumwa jino miezi mitano katikati ya watu wanaompenda.

Nitaambiwa nchi ni maskini. Nimelifikiria hilo, na hesabu yangu inanipa jibu tofauti. Miezi mitano ya sindano, vidonge na safari ilitugharimu sisi na Serikali mara nyingi zaidi ya kung'oa magego mawili. Kwa hiyo ninayoyapendekeza si majengo mapya.

Kwanza, uwe utaratibu katika kila hospitali ya halmashauri, Musoma, Bunda na Butiama, kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili aliyebadilika tabia hachomwi sindano ya pili ya kutuliza kabla hajaangaliwa kinywa, masikio, tumbo na dalili za kifafa. Orodha hiyo inaenea kwenye ukurasa mmoja na kubandikwa ukutani.

Pili, mlezi ahojiwe yeye mwenyewe, kwa lugha anayoijua, na maneno yake yaandikwe. Mkoa wetu una Wakurya, Wajita, Wazanaki, Waikizu, Wakwaya, Wajaluo na wengineo. Kiswahili kinatuunganisha, lakini maumivu ya mtoto mama huyaeleza kwa lugha aliyomlelea.

Tatu, mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wafundishwe kuwatambua watu hawa majumbani, na wakutane na walimu wa vitengo vya elimu maalumu, ambao wanawajua watoto wetu kuliko daktari yeyote. Dawa za kifafa nazo zisikatike zahanati.

Nne, tumfikirie mlezi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Ni jambo jema kwa anayeweza kuendesha mradi. Kwa asiyeweza, msaada wa kwanza ni siku mbili za mama kulala usingizi, akijua mwanawe yuko mikononi mwa mtu aliyefundishwa. Sijaona halmashauri iliyoweka hilo katika bajeti yake. Madiwani wa Mara wanaonisoma, ninyi mnaweza kuwa wa kwanza.

Ninabaki na deni moja ambalo sera haiwezi kunilipia. Nimeishi kwa kazi ya kuyachukua maneno ya watu wa kawaida, kuyafupisha na kuyapeleka kwa wenye mamlaka kwa lugha iliyonyooka. Huo ndio usomi niliofunzwa. Ndani ya chumba kile nilifanya kazi yangu kama nilivyozoea, na jino likabaki nje ya muhtasari. Nilipomwomba mama msamaha, aliniuliza swali ambalo sijalijibu: “Siku nitakapokuwa sipo, nani atajua kwamba akitaka uji uliopoa ana maumivu?”

Tangu siku hiyo tumeanza daftari. Kila ninapokwenda nyumbani, mama anasema nami naandika, kwa Kizanaki, bila kufupisha. Akishika tumbo hivi, ni njaa. Akilishika hivi, ni choo. Akificha redio, ana huzuni. Mvua ikipiga bati, mkae naye. Tumefika ukurasa wa 41. Muuguzi wa zahanati ana nakala, na mpwa wangu wa Bunda, ambaye amekubali kuja kukaa naye kila mwezi kwa siku chache, ana nyingine.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu yuko mtu wa namna hii, nunua daftari wiki hii, kisha mtafute anayemlea na umwache aseme.

Naomba kuwasilisha.